Bwana Harusi wa Chuma

12 Aprili

Sugan mke wangu, niwie radhi. Tangu tulipouchoma mwili wako wakati wa baridi sijaandika hata mstari mmoja. Ulizoea kunisikiliza kila jioni nikisoma nilichoandika, kisha ukasema, "Umeandika vizuri, lakini sivyo ilivyokuwa." Bila mtu wa kunisuta niliona kalamu haina kazi. Leo nimerudi kwa sababu nyumba ina harusi, na harusi isiyoandikwa huishia midomoni mwa wapishi.

Mjukuu wetu Sayar ataolewa siku ya Akha Tij, siku njema ambayo ndoa haihitaji mnajimu. Bwana harusi ni Narpat, wa ukoo wa Bhati, kule ng'ambo ya mpaka, India. Nazi ya uchumba ililetwa kwetu miaka miwili iliyopita. Muda wote huo tulikuwa tukisubiri viza ya msafara wake. Mwezi uliopita afisa wa viza aliniita mjini akaniuliza kwa nini hatuoani huku huku. Nilimweleza kwamba sisi wa ukoo wa Sodha hatuoani sisi kwa sisi, na upande huu wa mpaka karibu kila Rajputi ni Sodha. Kwa hiyo mabinti zetu huenda India, na wake zetu hutoka India. Aliniomba nirudie. Nilirudia mara tatu, polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la pili, naye akaandika kwenye karatasi yake neno moja: "Mila". Sheria yetu ina umri mkubwa kuliko serikali zote mbili zikijumlishwa, lakini mtu aliyeajiriwa juzi haelewi jambo lililoanza kabla ya mshahara wake.

13 Aprili

Joto. Mwanetu Mokam amenunua kilemba cha rangi ya chungwa kwa ajili ya harusi ya bintiye. Hakimpendezi.

19 Aprili

Sayar anafundisha wasichana asubuhi, na jioni hupanda darini kuzungumza na Narpat, maana huko ndiko mtandao wa simu unakopatikana. Hucheka peke yake kama mtu aliyepigwa na jua. Dada yangu Kesar hukaa chini kwenye kitanda chake cha kamba, akisikiliza hatua za msichana juu ya kichwa chake, na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

"Huyo Narpat anakohoa?" alimuuliza leo.

"Kwa nini akohoe, Bibi?"

"Mume anayekohoa unajua yupo. Wangu hakukohoa hata siku moja."

Wote tulicheka, hata mimi. Unajua habari yake. Alipokuwa na miaka kumi na saba aliolewa kwa upanga: vita vilinukia, mume akashindwa kuvuka, ukoo wake ukatuma upanga wake, na Kesar akauzunguka moto akiwa ameushika. Vita vikaja, reli ikafungwa. Hakumwona mume huyo kwa macho. Miaka mingi baadaye zikaja habari kwamba amekufa huko, Kesar akavunja bangili zake kama afanyavyo mjane. Upanga bado unaning'inia juu ya kitanda chake. Kila mwezi huupaka mafuta.

24 Aprili

Wauaji wamewaua watalii milimani, mbali kabisa na hapa, kaskazini, upande wa ng'ambo. Ng'ambo wanasema ni kazi yetu. Serikali yetu inasema ni uongo. Kufikia jioni mpaka ulikuwa umefungwa na viza zote zimefutwa.

Msafara wa Narpat ulikuwa umekwisha kufika Wagah, kwenye lango la mpakani, watu arobaini, wapiga ngoma, na bwana harusi mwenyewe amevaa kilemba. Kijiji chake kiko mashariki yetu, mwendo wa siku moja kwa ngamia. Kwa mujibu wa sheria za watu wenye akili nyingi, ili afike hapa lazima apande gari moshi siku mbili kwenda kaskazini, apite langoni, kisha ashuke siku mbili kuja kusini. Alikubali upumbavu huo wote, na bado wakamrudisha. Alimpigia Sayar simu akiwa kando ya barabara. Mokam anasema alikuwa akilia. Sayar anasema hakuwa akilia. Namwamini Sayar.

27 Aprili

Ng'ambo wanatishia kuzuia mito. Wetu wanatishia kwamba wakizuia mito damu itapita mahali pa maji. Sisi huku jangwani hatujaona mto wa mtu yeyote. Tunangoja mvua kama walivyongoja babu zetu. Lakini Mokam, ambaye hajawahi kumwagilia hata mchicha, ametembea kijijini kutwa nzima akiutetea mto.

30 Aprili, Akha Tij

Siku imepita bila harusi. Sufuria zilizokodiwa zimerudishwa, na mwenye nazo amekataa kupunguza hata rupia moja, akisema vita si kosa la sufuria. Ni mtu wa kwanza wiki hii kusema jambo la kweli.

Adhuhuri Mokam aliita kikao. Alikuwapo kuhani, nilikuwapo mimi, na wanawake walikaa nyuma ya pazia la mlango, ambalo halijawahi kuzuia sauti ya Kesar. Mokam alisema ana suluhisho. Kwa kuwa mume haji, Sayar aolewe kwa upanga, kama walivyofanya wa kale. Nikaona jambo hilo ni sahihi. Niliandika tasnifu ya shahada yangu kuhusu ndoa za namna hiyo nilipokuwa kijana. Sheria inaruhusu, na sheria ni sheria. Nikauliza upanga wa Narpat utavukaje ikiwa Narpat mwenyewe hakuvuka.

Hapo Mokam akatabasamu. Akasema upanga upo tayari nyumbani. Upanga wa shangazi Kesar ni wa ukoo ule ule wa Bhati. Narpat ataweka kiganja chake kwenye simu, kuhani ataishika simu juu ya upanga, na baraka zitapita.

Nilimuuliza kuhani kama upanga wa marehemu hauna mkosi. Kuhani alifumba macho, akakumbuka zawadi aliyoahidiwa, akatoa aya ambayo sijaikuta katika kitabu chochote nilichosoma, na nimesoma vingi kuliko yeye.

Pazia likafunguliwa. Kesar akatoka, akasimama katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake.

"Mokam, huyo ni mume wangu," alisema. "Mnamwoza mke wa pili bila kuniuliza?"

Mokam alianza kusema kwamba shangazi hakuelewa. Kesar akamkatiza kwa upole, kama mtu anayeondoa nzi kwenye mtindi.

"Nimeelewa. Sikatai. Lakini mke mwenza ana haki ya kumfundisha mdogo wake kazi za nyumba. Sayar amtumikie kwanza. Ampe chakula kabla yeye hajala, amtandikie, ampe habari za siku. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Akimaliza bila kuchoka, nitacheza ngoma harusini kwake kwa magoti haya haya."

Nilitazamia Sayar akatae. Alitoka nyuma ya bibi yake, kichwa amekifunika, akasema atafanya. Aliogopa, nadhani, kwamba akikawia Narpat atapewa msichana mwingine huko huko. Ni mtoto mwenye papara. Kuhani alisema ndoa ifungwe kabla ya miungu kulala mwanzoni mwa Julai, kwa sababu ikishalala hakuna ndoa miezi minne.

2 Mei

Upanga umelazwa kwenye kitanda cha kamba katika chumba cha Sayar, na mto chini ya kipini. Mkate wa uwele na kitoweo huwekwa mbele yake. Ukikwisha kula, yaani usipokula, sahani hupewa mbuzi.

5 Mei

Upepo wa mchanga kutwa. Allahdino, jirani yetu, alikuja kunywa chai huku amejifunga uso. Alifundisha hesabu shuleni nilipofundisha lugha, na bado tunabishana ni lipi lililowaharibu watoto zaidi. Aliuona upanga umewekewa sahani akauliza kama mgeni anakula nyama.

7 Mei

Alfajiri ng'ambo walirusha makombora, mbali na sisi. Kufikia asubuhi wetu walikuwa wamedai kuangusha ndege zao. Kipaza sauti cha mwenyekiti wa kijiji kimetuamuru tuzime taa zote usiku. Umeme ulikatika Jumatatu. Tumetii kabla ya kuamriwa.

Mokam alipanda darini na bendera, akapigwa picha na kuituma kwa dunia nzima. Wewe, mama yake, ulizaliwa ng'ambo. Dada zake wawili wameolewa ng'ambo na wana watoto huko. Nilimuuliza anamshangilia nani hasa.

"Baba, hii ni nchi."

Nilimwambia najua ni nchi. Nimeuliza kuhusu watu. Akashuka.

Hili ndilo linaloniudhi, Sugan. Nyumba zetu zimejaa wanawake wao, na nyumba zao zimejaa mabinti zetu. Hakuna bomu linaloweza kutupwa kwa adui bila kumwangukia mkwe. Wanaotupa hawana wakwe ng'ambo, ndiyo maana mikono yao ni myepesi.

8 Mei

Ndege isiyo na rubani imeangukia zizi la Allahdino mchana kweupe. Mbuzi mmoja amekufa, yule mweusi mwenye pembe moja. Baada ya saa moja redio ya ng'ambo ilitangaza kwamba kituo cha kijeshi katika eneo letu kimeteketezwa. Redio yetu ikatangaza kwamba ndege ya adui imeangushwa na walinzi wetu mashujaa. Allahdino alimtazama mbuzi wake kwa muda mrefu. "Ama alikuwa mwanajeshi," alisema, "ama alikuwa shujaa. Nyumbani kwangu hakuwahi kusema."

Sayar hakwenda shuleni. Alimpa upanga habari za siku kwa sauti ndogo, nilimsikia nilipopita. Alimwambia juu ya mbuzi.

9 Mei

Leo nitaandika zaidi.

Sayar alishuka kutoka darini baada ya chakula cha mchana, akaiweka simu mbele yangu. Ilikuwa picha inayotembea. Kijijini kwao Narpat vijana wamepanda juu ya trekta, wamejipaka rangi usoni, wanapiga ngoma. Ni ngoma zile zile zilizorudishwa kutoka Wagah. Nilimtambua mpigaji kwa masharubu, kutokana na picha waliyotutumia wakiwa langoni. Narpat yuko katikati, kilemba kile kile kichwani, kilemba cha harusi, na wote wanaimba: "Wafuteni! Wafuteni wote!" Anacheka. Ana meno mazuri.

Niliwaita Mokam na Kesar. Sayar akampigia, akaweka sauti wote tusikie.

"Narpat, ni nani hao wa kufutwa?"

"Ah, umeona. Zilikuwa kelele za vijana tu, Sayar. Kijiji kizima kilikuwa pale."

"Mimi niko wapi katika hao wote?"

"Wewe si mmoja wao. Wewe ni wetu."

"Tangu lini? Ulipofika langoni ulirudi."

Narpat akasema kwamba sisi nasi tunawarushia, kwamba mama yake hajalala, kwamba Mokam mwenyewe, mkwe wake mtarajiwa, alituma picha akiwa darini na bendera, na akaandika chini yake maneno ambayo hawezi kuyarudia mbele ya wazee. Nilimtazama Mokam. Mokam alitazama viatu vyake. Maneno hayo sijayaona wala sitaki kuyaona. Hakika yana makosa.

Kesar aliinama juu ya simu kama anayechungulia kisimani.

"Mwanangu," alisema, "mimi ni bibi yake. Nimekaa na mume wa chuma miaka sitini. Hajanipa mtoto, hajanipa maji nilipougua. Lakini upuuzi kama huo hajawahi kuutamka. Ndiyo sifa yake pekee, na wewe umeikosa."

Simu ilikatika. Huenda ni mtandao, huenda ni yeye.

Nilitaraji Sayar alie, au avunje kitu. Alikwenda jikoni, akapika mkate, akauweka mbele ya upanga kama kawaida. Nilimuuliza kwa nini anaendelea. Alisema, "Babu, nilidhani namngoja Narpat. Sasa nataka kujua Bibi alikuwa akingoja nini."

Nimemfundisha msichana huyu kusoma. Sikujua kwamba anaweza kuuliza swali la namna hiyo.

10 Mei

Asubuhi kwa Allahdino, kwenye runinga inayotumia betri ya trekta, mtaalamu mwenye tai alieleza mabomu makubwa yakitumika itakuwaje. Alikuwa na ramani na kijiti. Alionyesha miji yao itakayokwisha na miji yetu itakayokwisha, akatoa na kujumlisha, akahitimisha kwamba sisi tutabakiwa na zaidi, hivyo tutakuwa tumeshinda. Mtangazaji alimshukuru, likaja tangazo la sabuni.

Allahdino aliuliza ni mwalimu gani aliyemfundisha mtu yule kutoa.

Nilitafuta wilaya yetu kwenye ramani ile. Haikuwamo. Hatukuhesabiwa miongoni mwa watakaokufa wala miongoni mwa watakaobaki.

Jioni ikatangazwa kwamba mapigano yamesitishwa.

11 Mei

Pande zote mbili zimeshinda. Mokam amegawa peremende. Sikula.

23 Mei

Joto la kuua. Lango limebaki limefungwa. Mabomu yamekwisha rudi ghalani, lakini bwana harusi mmoja bado ni hatari kwa taifa.

4 Juni

Kesar ana homa. Sayar anamhudumia yeye kwanza, kisha upanga. Nilimwona akimlisha bibi yake uji kwa kijiko huku sahani ya upanga ikipoa kando. Kesar alimwambia amewahi kuota kwamba mumewe anakohoa, akaamka kwa furaha, kumbe ni ngamia.

Zamani niliandika katika tasnifu yangu kwamba ndoa ya upanga "huhifadhi heshima ya mwanamke pale mume anapokosekana". Nimeisoma tena leo. Sentensi haina kosa lolote. Ni sentensi ya mtu ambaye hajawahi kukaa chumbani na Kesar mchana kutwa.

15 Juni

Mawingu yamekuja, yametazama, yameondoka.

21 Juni

Narpat amepiga. Hakuwa amepiga tangu siku ile, ila alituma ujumbe mfupi ambao Sayar hakuujibu. Amepata kazi Maskati, ya kufunga mitambo ya umeme wa jua. Anasema Sayar na baba yake wanaweza kusafiri hadi Maskati, naye na wazazi wake wafike huko, ndoa ifungwe, waishi huko. Huko si kwetu wala si kwao. Aliomba msamaha. Nilisimama mlangoni nikasikiliza, na nasema kwa haki kwamba aliomba vizuri, bila kujitetea. Alisema alipokuwa juu ya trekta alihisi kwamba asipoimba wataanza kumtazama yeye, mtu mwenye mchumba wa upande wa adui. Nilikuwa nimemdharau kabisa. Sasa namdharau kwa kiasi tu. Mwoga anayejitambua ana matumaini kuliko shujaa wa darini.

Mokam amekataa. Anasema binti wa Sodha hawezi kuolewa kwenye mchanga wa watu, mbali na moto wa ukoo. Anautaka upanga, haraka, kabla miungu haijalala, ili jina la nyumba lisalimike. Amemwita tena kuhani kwa ahadi ya zawadi kubwa zaidi.

Mtangazaji mmoja leo alisema kwamba upendo haujui mipaka. Upendo unaijua mipaka vizuri sana, muulizeni Kesar. Anayesema maneno kama hayo ana viza.

30 Juni

Kesar amepona. Ameanza kutukana mbuzi.

2 Julai

Mvua! Ilianza asubuhi kwa upepo wa mchanga, kisha matone makubwa kama ngumi. Tausi walipiga kelele kote kijijini. Allahdino alitoka nje akasimama katikati ya shamba lake na mikono wazi, mzee mzima, mwalimu wa hesabu. Kesho tutapanda uwele.

3 Julai

Miungu italala Jumapili hii. Leo kuhani alikuja na kamba, mafuta na unga mwekundu, akasema kesho ni siku njema ya mwisho. Mokam alikuwa amekwisha mpigia Narpat aweke kiganja tayari. Narpat, kwa sifa yake, alijibu kwamba Sayar asipomwambia yeye mwenyewe, haweki kiganja mahali popote.

Nilimwambia kuhani arudi nyumbani. Mokam aliwaka.

"Baba, si wewe uliyesema sheria inaruhusu?"

"Inaruhusu," nilimjibu. "Haijamwamuru mtu."

Akasema ni nani basi atakayeamua, kama si baba wala babu. Jibu lilikuwa limekaa mbele yake likichambua mbegu. Sayar hakuinua kichwa. Alikuwa akiweka mbegu nzima upande huu na zilizotobolewa upande ule.

"Bibi," alimuuliza Kesar, "wewe ulingoja nini?"

Kesar alifikiri. Sijawahi kumwona akifikiri kabla ya kusema.

"Mwaka wa kwanza nilimngoja yeye," alisema. "Baadaye nilingoja mtu aniulize ninataka nini. Wewe ukiulizwa, usichelewe kujibu kwa ajili ya adabu."

Basi nikamuuliza. Nilitumia maneno machache: upanga, Maskati, au kuirudisha nazi na kubaki mwalimu, lolote atakalosema nitalisimamia mbele ya ukoo, na Mokam atanyamaza. Mokam alikwenda nje kwenye tope.

Sayar alisema hajui bado. Anampenda Narpat aliyekuwa kando ya barabara, na hampendi Narpat wa kwenye trekta, na wote wawili watapanda ndege moja kwenda Maskati. Ameomba apewe muda hadi tumalize kupanda. Nimempa, hata kama miungu italala kabla yake. Miungu imelala wakati wa mambo mabaya zaidi mwaka huu.

Jioni upepo ulirudi, ukawa unaupigapiga mlango wa chumba chake. Aliutoa upanga kitandani, akauchomeka kwenye ardhi yenye unyevu ili mlango usigonge. Nilitaraji Kesar aseme kitu. Alisema, "Angalau sasa anafanya kazi." Kisha Sayar alileta sahani mbili, moja ya bibi yake na moja yake, na wakala.

Amenikuta naandika. Aliuliza kama yumo. Nikasema yumo. Akasema, "Basi, Babu, usiandike jibu langu kabla yangu."

Sugan, naiweka kalamu chini. Akishaamua, nitaandika. Kisha nitamsomea yeye, na kama sivyo ilivyokuwa, atanisuta.